Nyonga ya chuma kwa mbwa: niliyojifunza Kuresoi



Wasomaji wa safu hii mmezoea kuniona nikiandika habari za bandari, za mifereji iliyokauka na za bei ya samaki. Leo naandika habari za nyonga ya mbwa. Najua kuna atakayeuliza: sisi na mbwa wapi na wapi? Nami ningeuliza hivyo hivyo kabla ya kufika Kuresoi.

Dada yangu ameolewa na mwalimu anayefundisha huko, upande wa Keringet, Kaunti ya Nakuru. Mwezi wa nane alijifungua, nikamsindikiza mama kwenda kumuona mjukuu. Kwa asiyepajua, Kuresoi ni nchi ya baridi juu ya milima ya Mau. Ni pahala pa viazi, majani chai na kondoo, na asubuhi kuna ukungu ambao humficha ng'ombe aliye hatua kumi mbele yako. Mama alivaa sweta mbili chini ya buibui na bado alitetemeka.

Jirani yao ni mjane mzee ambaye kila mtu humwita Gogo, ndivyo wanavyomwita bibi huko. Ana kondoo thelathini na kitu, shamba la viazi, mjukuu wa kidato cha pili, na mbwa mmoja wa kienyeji aitwaye Simba. Huyo Simba ndiye anayelala nje na kondoo. Fisi akisogea au mwizi akipita, yeye ndiye wa kwanza kujua.

Jioni ya pili tangu tufike, pikipiki iliyobeba magunia ya viazi iliteremka kilima ikamgonga. Hakufa. Alijikokota hadi mlangoni kwa Gogo kwa miguu mitatu, mguu wa nyuma wa kulia umekunjika na kuonekana mfupi kuliko mwenziwe. Kesho yake mwenye duka moja la dawa za mifugo aliitwa, akamchoma sindano, akasema ni mshtuko wa nyama, utakwisha. Mimi nami, kwa huruma isiyo na elimu, nilitoa vidonge vya Brufen mkobani nikataka kumtia katika ugali wake. Nashukuru shemeji alinizuia, ingawa sababu yake ilikuwa tu kwamba vidonge ni ghali. Sababu ya kweli nitaieleza mbele.

Siku ya tano mbwa alikuwa bado hakanyagi. Hapo ndipo yule mjukuu alipokuja na simu yake. Alikuwa ameona picha ya mbwa wa Uingereza aliyetiwa nyonga ya chuma na sasa anakimbia. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika: "Anko, hii ni kweli? Na Simba anaweza kufanyiwa?"

Gogo, ambaye mwenyewe hutembea kwa fimbo kwa sababu ya nyonga, alicheka. "Kama kuna nyonga za chuma zinagawanywa," akasema, "basi muanze na mimi."

Tulicheka sote, lakini maneno yale yalinikaa. Nikamuahidi kijana kwamba nitatafuta jibu. Jibu lenyewe ndilo hili.

Kinu na mchi

Nyonga, iwe yako, ya mbwa au ya paka, ni kiungo cha mviringo ndani ya kikombe. Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa kama mpira, nacho hukaa ndani ya shimo la mfupa wa kiuno. Fikiria mchi ndani ya kinu. Tofauti ni kwamba hapa pande zote mbili zimevikwa gegedu laini, na katikati kuna ute unaoteleza, ndiyo maana kiungo kizima husogea bila kukwaruza. Kano huushika mchi usitoke.

Mambo mengi huharibu mpango huu. Linalojulikana zaidi kwa mbwa ni la kurithi: mbwa wakubwa wa kizungu, kama German Shepherd, Labrador na Rottweiler, mara nyingi hukua na kikombe kisicho na kina cha kutosha. Mchi unacheza ndani ya kinu, gegedu linalika, mfupa unasuguana na mfupa. Mbwa anaanza kuamka kwa shida asubuhi, anapanda ngazi kwa kurukaruka kama sungura, na mwisho hataki kuamka kabisa. Mbwa wadogo nao wana ugonjwa wao, ambapo kichwa cha mfupa hukosa damu na kufa wakiwa bado wachanga. Halafu kuna ajali: gari, pikipiki, kuanguka kutoka ghorofani. Hili la mwisho paka wa Mji wa Kale wanalifahamu.

Nyonga ya chuma ilivyoanza

Kubadilisha nyonga kama tunavyokujua leo kulipata sura yake Uingereza, katika Hospitali ya Wrightington, kwa mkono wa daktari John Charnley. Kabla ya kufaulu alishindwa vibaya. Kikombe chake cha mwanzo alikitengeneza kwa Teflon, ile ile inayopakwa kwenye kikaango ili chapati isishike. Ililika ndani ya miaka michache na wagonjwa wakalazimika kufunguliwa upya. Mwaka 1962 akahamia plastiki nyingine ngumu zaidi, pamoja na kichwa cha chuma na saruji maalumu ya kushikilia kwenye mfupa. Hiyo ikadumu. Bibi yeyote aliyebadilishwa nyonga Nairobi au Mombasa anatembea juu ya kazi ya mtu huyo.

Mbwa waliingiaje? Waliingia mapema sana. Viungo bandia vingi vilijaribiwa kwa mbwa kabla ya kutiwa kwa watu. Katika miaka ya 1950 daktari wa wanyama wa Jeshi la Anga la Marekani, Harry Gorman, alikuwa tayari anawatia mbwa nyonga bandia. Miaka ya 1970 ikaja nyonga kamili iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa wenyewe, kichwa na kikombe pamoja. Kutoka 1990 zikapatikana za vipande vinavyolinganishwa, ili daktari achague shina la kipimo hiki na kichwa cha kipimo kile. Baadaye zikaja ndogo mno, zinazomfaa paka na mbwa wa kubebwa mkononi.

Kwa hiyo, Gogo, mbwa hakukuibia zamu. Ukweli ni kwamba njia ya nyonga ya binadamu ilipita juu ya mgongo wa mbwa, na wachache kati yao ndio waliorudishiwa fadhila.

Upasuaji wenyewe uko hivi. Mnyama hulazwa kwa dawa ya usingizi. Kichwa cha mfupa kilichoharibika hukatwa. Ndani ya mfupa wa paja huingizwa shina la chuma, titaniamu au chuma kingine kisichoshika kutu, na juu yake hukaa mpira mpya. Kikombe cha zamani huchongwa, kikawekwa kipya chenye plastiki ndani. Vingine hushikwa kwa saruji, vingine vina uso wenye vitundu vidogo vidogo ili mfupa wenyewe umee ndani yake na kukishika.

Baada ya hapo mbwa hufungiwa. Wiki sita hadi kumi na mbili hakuna kukimbia, hakuna ngazi, hakuna kuruka, na akitoka haja anatoka kwa kamba fupi. Ikienda vizuri, na kwa madaktari wazoefu huenda vizuri mara nyingi sana, mbwa hurudi kutembea bila maumivu kwa maisha yake yote. Ikienda vibaya, kiungo hutoka mahali pake, mfupa hupasuka au viini vya ugonjwa huingia, na chuma chenye maambukizi hakina dawa nyepesi. Mara nyingi lazima kitolewe.

Magoti na viwiko ni habari nyingine. Viungo bandia vyake vipo, lakini ni nadra, na vya kiwiko havijafikia uhakika wa nyonga. Tatizo kubwa la goti la mbwa ni kukatika kwa kano ya ndani, na dawa yake ya kawaida si goti jipya, bali ni kukata mfupa wa mguu na kuugeuza kidogo ili goti lisiteleze.

Kwa nini haikuwa ya Simba

Siku ya sita shemeji aliazima Probox, tukamlaza Simba juu ya gunia, tukaenda Nakuru kwa daktari wa wanyama. Nilimshika kichwa njia nzima. Aliniramba mkono mara nyingi, naye maskini hajui kwamba mimi ni Mshafii. Tuliporudi nilisimama kwenye mfereji wa Keringet, maji yake ni barafu, nikaosha mara saba, moja kwa udongo, huku watoto wa jirani wakinishangaa. Mama alinitazama kutoka dirishani na hakusema kitu.

Daktari alipiga eksirei na kutuonyesha. Mchi ulikuwa umetoka kwenye kinu na kupanda juu, na kipande cha kichwa kilikuwa kimemeguka. Kijana akauliza swali lake la nyonga ya chuma. Daktari hakumcheka. Alimweleza mambo matatu, nami nayaandika kwa faida ya wote.

La kwanza ni fedha. Marekani na Uingereza, nyonga moja ya mbwa huanzia kiasi cha dola 5,000 na kupanda. Hiyo ni zaidi ya shilingi laki sita. Pili ni vifaa na mkono. Daktari anahitaji sanduku zima la vipimo mbalimbali, maana hajui kwa hakika kipi kitakaa mpaka afungue, na anahitaji mafunzo ya kazi hiyo hasa pamoja na chumba safi kupita kawaida. La tatu ni maisha ya mbwa mwenyewe. Mbwa anayelala kwenye matope na kondoo, anayeruka ua usiku kumfukuza fisi, hawezi kufungiwa chumbani miezi mitatu. Ukimtia chuma cha laki sita kisha ukamrudisha zizini, kitatoka wiki ya kwanza.

Halafu akasema jambo lililoniuma. Ingekuwa ameletwa siku ya kwanza au ya pili, na kama kile kipande hakijameguka, pengine angelazwa usingizi, mguu ukavutwa ukarudi mahali pake, ukafungwa bendeji ya kuuning'iniza, basi, bila kukatwa. Nyonga iliyoteguka ina saa yake. Kila siku inayopita damu na nyama ngumu hujaza kikombe, na gegedu hufa. Sisi tulizitumia siku zile kumsubiri "mshtuko wa nyama" uishe.

Njia ya fukara inayofanya kazi

Iko njia nyingine, na hii ndiyo niliyotaka hasa muijue. Badala ya kuweka kichwa kipya, daktari hukata kile kibovu pamoja na shingo yake, na haweki kitu. Ndiyo, haweki kitu. Mchi unakosa kichwa, mfupa hausuguani tena na mfupa, na misuli ya paja inaushika mguu. Baada ya wiki kadhaa nyama ngumu hujitengeneza pale katikati na kuwa kama kiungo cha bandia alichokishona Mola mwenyewe.

Kwa watu ilifanywa zamani. Daktari Girdlestone wa Oxford aliitumia kwa wagonjwa wa kifua kikuu cha nyonga, kabla ya Charnley. Kwa mwanadamu anayesimama kwa miguu miwili matokeo yake ni kilema kikubwa. Mnyama ana miguu minne, na uzito mwingi huubeba kwa mbele. Paka hupona vizuri ajabu, na mbwa wadogo pia. Kwa mbwa wazito ni kazi zaidi, na wengi huweka mpaka karibu kilo ishirini. Simba tulikuwa tumempima kwenye mizani ya viazi kabla ya kuondoka: kilo kumi na nane.

Masharti yake ni kinyume kabisa na ya chuma. Hapa kufungiwa ndiko kunakoharibu. Mara kidonda kikitulia, mnyama lazima atembezwe kila siku, pole pole, akiwa na dawa ya maumivu, ili nyama isigande na mguu usibaki umekunjika. Aliyekata ni daktari, lakini anayeponya ni yule wa kumtembeza.

Gharama aliyotajiwa Gogo ilikuwa bei ya kondoo wawili. Nilidhani atakataa. Alikaa kimya kidogo, akahesabu kwa vidole, akasema: "Ana miaka minne analinda thelathini. Wawili si wengi." Mbwa akabaki Nakuru, sisi tukarudi.

Mbwa, sisi na dini

Nimesikia watu wa mwambao wakisema kumtibu mbwa ni mambo ya wazungu. Hili tuliseme kwa utulivu. Mate ya mbwa ni najisi katika madhehebu yetu, na najisi ina utaratibu wake wa kuoshwa, nami niliufuata. Lakini najisi si laana. Mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa, na sote tulifunzwa chuoni habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Ukimfuga ukamtumia, una haki yake shingoni. Kumwacha na mguu ulioteguka wiki nzima hakuwezi kuitwa uchaji.

Hata hapa pwani tuna mfano wetu. Lamu ina kliniki ya punda tangu 1987, na hakuna anayeona ajabu punda kutibiwa, kwa sababu kila mtu anajua nani hubeba mawe na mchanga. Simba ni punda wa Gogo.

Ya kuzingatia

Kwa mwenye paka Majengo, mbwa wa kulinda Nyali au Diani, au ndugu mwenye mifugo bara, nafupisha.

Mnyama akigongwa na asikanyage mguu, usisubiri. Saa ishirini na nne za mwanzo zina thamani kuliko fedha utakayotumia mwezi ujao. Usimvute mguu mwenyewe, maana hujui kama umeteguka au umevunjika, na bila dawa ya usingizi hautarudi. Mlaze juu ya ubao au gunia lililokazwa, umfunge mdomo kwa kitambaa kama anauma na kama hapumui kwa shida, umpeleke.

Muulize anayemtibu kama ni daktari wa wanyama aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Wanyama ya Kenya. Muuza dawa si lazima awe daktari. Sitaji duka la mtu, lakini sindano ile ya mshtuko wa nyama ilimgharimu Simba kiungo chake. Kwa aliye mbali na daktari wa aina hiyo, vyuo vikuu vinavyofundisha udaktari wa wanyama ni pahala pazuri pa kuulizia: kipo cha Nairobi pale Kabete, na Egerton iko Njoro, njiani kuelekea Molo.

Usimpe dawa ya binadamu. Brufen niliyotaka kumpa Simba hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Panado kwa paka ni sumu, kidonge kimoja kinaweza kumuua, kwa sababu damu yake inashindwa kubeba hewa. Wanyama wana dawa zao za maumivu.

Ukinunua mtoto wa mbwa mkubwa wa kizungu, omba kuwaona wazazi wakitembea. Usimnenepeshe ukaona ndiyo afya, kila kilo ya ziada ni mzigo juu ya nyonga. Na nyumba zetu za vigae, ambavyo huteleza, mtandikie mkeka anapolala na anapopita.

Mwisho, ipo hali ambapo hakuna la kufanya: mnyama mzee, miguu yote miwili, maumivu yasiyotulia. Hapo daktari atamlaza usingizi wa mwisho bila mateso. Sumu ya panya, mawe, na kumtupa porini si njia. Sheria ya nchi inakataza ukatili kwa wanyama, na kabla ya sheria kuna Mwenye kuwaumba.

Habari za Simba

Wiki iliyopita shemeji alinitumia video. Miezi mitatu imepita. Kijana alimtembeza kila siku kabla na baada ya shule, kwanza uani, kisha barabarani, kisha kilimani. Simba anachechemea kidogo akianza kutembea, na akikimbia huwezi kujua ni mguu upi. Usiku analala zizini.

Nyuma yake kwenye video anaonekana Gogo na fimbo yake, anapanda kilima kile kile polepole, anasimama kila hatua kumi. Yeye, tofauti na Simba, njia ya kukata bila kuweka haimfai. Yake ni ile ya Charnley, ya chuma na plastiki, ambayo imekuwapo duniani tangu 1962. Nilimpigia simu kumpongeza kwa mbwa wake, nikamuuliza habari za nyonga yake.

"Bado, kijana yangu," akasema. "Mimi sina wa kuniuzia kondoo."

Mwanawe mkubwa yuko Mombasa, kilomita chache kutoka nilipo. Nimepata namba yake. Jumapili nitakwenda kumuona, inshallah.